Maswali ya wasomaji: chuma kinapanda, pumzi inakata

Safu ya leo nimeiacha yote kwa wazito, yaani watu wa kilo 90 kwenda juu wanaopiga chuma kwelikweli, maana barua zenu zimekua nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja hata pale mwandishi mwenyewe hajakitaja, pumzi. Barua nimezifupisha, majina nimeyatoa.

*Kocha mambo. Niko Ngarenaro, Arusha, miaka 31, kilo 118. Dedilifti yangu (kuvuta chuma kutoka sakafuni) imegoma kwenye kilo 200 tangu mwaka jana, kila Jumatatu naijaribu, siku nyingine inatoka siku nyingine inaishia magotini. Nikifika seti ya nne nakaa chini dakika kumi naona nyotanyota. Wana wa jimu wananiambia nisithubutu kukimbia, eti kadio (mazoezi ya pumzi kama mbio) inakula misuli. Ni kweli?*

Poa kaka. Tuanze na hiyo kadio maana haya maneno yamewatesa wazito wengi sana. Yana chanzo chake. Mwaka 1980 Mmarekani mmoja, Robert Hickson, aligawa watu makundi matatu, wengine wakapiga mazoezi ya nguvu tu, wengine mbio na baiskeli tu, wengine vyote viwili, wiki 10. Wale wa vyote viwili nguvu zao zilipanda vizuri tu mpaka kama wiki ya 7, baada ya hapo zikasimama na mwishoni zikaanza kushuka. Watu wakalishika hilo la mwisho wakaondoka nalo. Wanachosahau kusema ni kwamba wale jamaa walikua wanapiga nguvu siku 5 kwa wiki na mbio na baiskeli siku 6, tena za kufa mtu, mwili ungepona saa ngapi? Kutoka hapo mpaka kusema nusu saa ya kutembea inakula misuli ya mtu wa kilo 118 ni mbali mno, na mimi nasema wazi hiyo kauli imewapunguzia watu nguvu kuliko ilivyowaongezea.

Kwa nini nasema imewapunguzia. Ukivuta 170 mara tatu, msuli unatumia akiba yake ya haraka iliyomo ndani, na hiyo haivuki sekunde kumi na kitu imeisha. Ili ijae tena inahitaji oksijeni, mtu mwenye pumzi nzuri kwa dakika 3 mpaka 5 amerudi karibu yote, we mwenye pumzi mbovu unaingia seti ya tatu nusu tenki, ya nne unaingia na robo. Sasa seti ndo zinazojenga, na we seti zako za mwisho zote zinakufa kwa kukosa hewa wakati mgongo na miguu bado viko sawa. Kwahiyo hizo nyotanyota zina uhusiano wa moja kwa moja na 200 yako iliyogoma.

Kukimbia ndo sikushauri, ila kwa sababu tofauti na ya wana. Mtu akikimbia kila hatua mguu unapokea mara 2 mpaka 3 ya uzito wake, kwako hapo ni kilo 236 mpaka 354 kwenye goti moja, hatua maelfu. Kutembea haifiki huko, inazidi uzito wako kidogo tu. Na we unakaa mji wenye miinuko, shukuru. Siku mbili kwa wiki ambazo hupigi miguu panda taratibu barabara za kuelekea Ilboru dakika 30, mwendo ambao unaweza kuongea na simu sentensi nzima ila kuimba huwezi. Ukishindwa kumaliza sentensi umezidisha, punguza. Siku ya tatu, baada ya chuma na sio kabla, tafuta tairi bovu la gari, lifunge kamba, kamba ifunge kiunoni, livute uwanjani mita 20 au 30, pumzika mpaka uhemaji utulie, rudia mara sita hivi. Kuvuta tairi kuna uzuri mmoja, hakuna sehemu ya kushusha mzigo, na ile ya kushusha ndo huleta maumivu makali ya misuli kesho yake, kwahiyo unachoka mapafu ila Jumatatu miguu unayo. Huna tairi, jaza maji madumu mawili ya lita 20, hapo una kilo 20 kila mkono, tembea nayo.

Sasa hiyo 200. Kaka acha kuijaribu kila Jumatatu. Kujaribu ni kupima, na kupima hakujengi kitu, we kwa mwaka mzima umekua unapima. Rudi 150, piga seti nne za mara tano, kila ripu, yaani kila mnyanyuo mmoja, itoke kwa kasi na mgongo ule ule, wiki inayofuata ongeza kidogo, ukifika 170 shuka kwenye mara tatu. Wiki ya nne au ya tano punguza mzigo, mwili upumue. Alafu panda tena. 200 usiiguse miezi miwili mpaka mitatu.

Najua utaniuliza naongezaje kidogo wakati pleti ndogo ya jimu, kile chuma cha duara cha kuongezea uzito, ni ya kilo 2.5, ukiweka pande zote imeshakua 5. Hili ndo tatizo la jimu zetu nyingi na ni dogo kulitatua. Nenda kwa mangi na vifuko viwili vya kitambaa kigumu akupimie mchanga kilo na robo kila kimoja, shona, funga kamba, ning'iniza mwisho wa chuma kila upande. Umepata 2.5. Na ukiwa hapo hapo, zile pleti za fundi wa kuchomelea na zile za zege za kopo la rangi zipeleke kwenye mizani ya wauza nafaka, usiamini namba iliyoandikwa kwa rangi. Iliyoandikwa 20 unaweza kuikuta 18 na mwenzake wa upande wa pili 21, afu mtu analalamika kiuno cha upande mmoja kinauma hajui kwa nini. Andika uzito halisi kwa chokaa.

*Kocha, nimehamia Arusha kikazi natokea Tanga. Skwati yangu (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani) ile ile lakini kati ya seti nahema kama nimekimbizwa. Naumwa?*

Inaonekana ni mwinuko tu. Tanga uko usawa wa bahari, Arusha mita kama 1,400, hewa hapa imepungua mgandamizo kwa kama asilimia 15 kwahiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Ripu moja nzito haiathiriki, ndo maana skwati haijashuka, kinachoathirika ni kurudi kwako kati ya seti. Wiki mbili tatu za kwanza jiongezee dakika moja au mbili za kupumzika, mwili utazoea. Ila ukisikia kifua kinabana au moyo unadunda hovyo hata umekaa, hiyo sio mwinuko, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ulihamia Juni au Julai pasha mwili mda mrefu zaidi, baridi ya hapa sio ya kwenu.

*Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Pasua Moshi, kilo 94, napiga chuma mwaka wa pili sasa na skwati nimefika 90. Nina maswali mawili. Unga wa protini ni bei mbaya, siuwezi, je nitaendelea? La pili mama mkwe anasema nikiendelea kizazi kitashuka.*

Marahaba mwanangu, na hongera, kukaribia uzito wako mwenyewe begani sio mchezo.

Unga huo achana nao kabisa. Unahitaji kama gramu 120 mpaka 150 za protini kwa siku, na we uko Moshi, mji wa maziwa na ndizi na Soko la Mbuyuni, chakula unacho. Yai moja lina kama gramu 6, asubuhi kula manne umepata 24. Nusu lita ya maziwa, fresh au mgando, ni 16 hivi. Maharage yaliyoiva kikombe kimoja 15. Kiganja cha dagaa wakavu kinakupa 15 au zaidi, na dagaa ni rahisi kuliko nyama. Nyama iliyoiva gramu 150, ile ya kwenye machalari kama mpishi hajabana mkono, ni 40. Jumlisha, umeshafika 110 kabla hujahesabu njegere na karanga na ugali wenyewe. Wazito wengi ninaowaona wanakosea upande mmoja tu, protini yote wanaimalizia usiku sahani moja kubwa na asubuhi wametoka na chai ya rangi na andazi. Igawanye. Na siku ya skwati kula wanga usiogope, bakuli la mtori masaa mawili kabla ya mazoezi linakubeba vizuri kuliko kinywaji chochote cha kopo.

La mama mkwe usimjibu vibaya. Hofu yake haijatoka hewani, ameona wanawake waliorudi kubeba mikungu na mizigo ya majani ya ng'ombe wiki chache baada ya kujifungua, na hapo kweli misuli ya nyonga inaumia. We ni tofauti, umepanda kidogo kidogo, unapumzika siku kati, na misuli ya nyonga nayo inazoea mzigo kama mingine. Kitu cha kuangalia ni hiki, mkojo kuchuruzika ukinyanyua, au kuhisi uzito kama kitu kinashuka chini. Ukiona kimojawapo punguza mzigo na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, usikae nacho kwa aibu. Kama hakuna, endelea, na lenga 100 ikiwa tayari yenyewe.

*Shikamoo kocha, nina miaka 19, niko Himo, kilo 97. Kuna bro jimu anauza vidonge na sindano, anasema bila hivyo sifiki 180 kwenye skwati. Nimeanza mazoezi miezi minane iliyopita.*

Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Vitu hivyo mara nyingi ni homoni za kiume, na zikiingia kutoka nje mwili unaacha kutengeneza zake, korodani zinasinyaa, na wengine hawarudi sawa hata wakiacha. Misuli ya moyo inakua minene kwa namna mbaya, vidonge vinapitia kwenye ini na kulichosha, na chupa aliyonayo huyo bro hakuna anayejua ndani kuna nini. Sindano ya kuchangia nayo unajua inaleta nini. Kwa umri wako mwili unatengeneza homoni nyingi kuliko utakavyowahi kuwa nazo maishani, na miezi minane ndo kwanza uko kwenye kipindi ambacho chuma kinapanda karibu kila wiki kwa kula na kulala tu. Unalala saa ngapi? Hilo hukuniandikia. Kama ni sita usiku na simu mkononi, anzia hapo. Na kama kuna hela umetenga kwa ajili ya huyo bro, nunua trei za mayai.

*Kocha, mimi sinyanyui, mume wangu ndiye anayenyanyua. Tuko Njiro. Ana kilo 131 na anajivunia sana. Usiku anakoroma nyumba nzima, afu ghafla ananyamaza kabisa, mpaka naogopa, kisha anashtuka anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Mchana anasinzia, na ni dereva wa fuso. Duka la dawa walimpima presha 158 kwa 100 akasema mashine mbovu. Nimwambieje?*

Dada yangu, umefanya vizuri sana kuandika, na hii barua ningependa kila mwenye mzito nyumbani aisome.

Hicho unachokisikia usiku ni njia ya hewa kujifunga akiwa usingizini. Shingo nene ni moja ya sababu, kwa mwanaume ikizidi sentimita 43 hatari inapanda, chukua futi ya fundi cherehani mpime. Njia ikijifunga oksijeni inashuka, ubongo unamshtua apumue, inaweza kujirudia mara nyingi usiku mmoja bila yeye kukumbuka hata mara moja. Kwahiyo analala masaa nane ila hapumziki, presha inapanda, na chuma chake hakiendi popote hata ale vipi. La fuso ndo linanitisha zaidi. Mpaka aonwe na daktari asiendeshe safari ndefu wala za usiku, na hilo usilibembeleze.

Kuhusu presha, mumeo anaweza kuwa na hoja kidogo. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene unatoa namba ya juu kuliko ukweli, na maduka mengi yana mkanda wa saizi moja. Aende hospitali aombe mkanda mkubwa, akae dakika tano kimya kwanza, apimwe zaidi ya siku moja. Ikibaki juu ya 140 kwa 90 basi sio mashine.

Na asijaribu uzito wa mwisho mpaka hilo lieleweke. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwawekea wanyanyuaji mrija ndani ya mshipa wa mkono wakapima presha wakiwa wanasukuma mzigo kwa miguu, wastani ulifika 320 kwa 250, mmoja akafika 480 kwa 350. Mzigo ukiachiwa inashuka mara moja na mishipa mizima inavumilia, ila mtu anayeanzia 158 anaanza safari hiyo akiwa juu tayari. Kama anapenda majina makubwa mwambie habari za Eddie Hall, yule Muingereza aliyevuta kilo 500 pale Leeds 2016, alipoteza fahamu na damu ikamtoka puani. Mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa mtu mwenye nguvu zaidi duniani, mashindano yalifanyika Botswana, baada ya hapo akaacha kuutafuta tena ubingwa huo na akapunguza mwili kwa ajili ya afya yake. Mtu wa 500.

Cha kufanya: anzeni hospitali ya Mount Meru hapo Arusha, mwende wote wawili, maana yeye akiwa usingizini hajisikii na daktari atahitaji maelezo yako. Mrekodi kwa simu usiku mmoja, dakika kumi zinatosha, zile sehemu za kunyamaza zisikike. Wakiona inafaa kumpeleka KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, aende. Wakati huo huo alale ubavu asilale chali, pombe ya jioni aache kwa sababu inalegeza koo, na jimu asiache kabisa, apige mizigo ya mara 8 mpaka 10 bila kubana pumzi, kila anaposukuma atoe hewa, na ile dakika 30 ya kutembea niliyompa kaka wa Ngarenaro aifanye kila siku. Nenda naye jioni, mtembee mkiongea.