Usikope makuta ya kusomea jeti

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeisoma, mimi na mama yako. Unauliza: leseni ya rubani wa biashara unayo, saa za kuruka ni mia mbili na kidogo, je, ukope makuta usomee Citation, ile jeti ndogo, ili uingie kwenye ndege za makampuni na watu wakubwa?

Usikope. Anayekuzuia ni mtu wa bima. Yeye ndiye huamua nani akae mbele ya jeti ya watu, naye huangalia saa, hasa saa za aina ile ile ya ndege. Cheti cha Citation kisicho na saa za Citation hakimtoshi, na huku nyuma mtihani wa kukihuisha unakungoja, ulipe tena.

Wewe tafuta kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye King Air, ndege ndogo ya mapangaboi mawili. King Air 200 imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, lakini makampuni mengi ya migodi hayakubali watu wao wapande bila marubani wawili. Nafasi ya mwenye saa chache iko hapo. Caravan, ndege ya injini moja, pia ni shule nzuri.

Kazi hizi hazitangazwi sana. Sosiete yenye ndege mbili tatu haina ofisi ya kuajiri. Rubani mkuu huuliza watu anaowaamini. Uwanja wa ndege wa Lanseria, Johannesburg, uko karibu nawe, basi zungukia mahanga yake asubuhi, jitambulishe, omba hata kazi ya kuandaa safari na vibali vya kupita anga. Hapa uwanjani Luano nimewaona vijana walioanza kwa kupanga mizigo na kufuta viti wakaishia kurusha, kwa kuwa mkuu alikwisha kuwajua tabia.

Angalia pia herufi za mkiani. Leseni yako ya Afrika Kusini inakuruhusu ndege za ZS, zilizosajiliwa huko. Ya 9Q, ya kwetu Kongo, itakudai kibali cha AAC, mamlaka ya anga, Kinshasa. Anza na ZS. Na Kifaransa na Kiswahili uviandike juu kabisa kwenye CV! Rubani anayeweza kusikilizana na watu wa ushuru Kolwezi na kijana wa mafuta Luano anamwokolea bosi nusu siku.

Linaloninyima usingizi ni hili. Katika ndege kubwa abiria hakujui. Huku mwenye ndege ameketi mgongoni kwako, anakuita kwa jina, na ana mkutano. Masika yetu unayajua, kuanzia Novemba mawingu huumuka mchana, naye atakwambia twende tu. Mwambie mapema, angali hotelini: “Mzee, tuondoke saa mbili asubuhi, alasiri njia inaweza kufungwa.” Ikishafungwa, sema hapana kwa adabu, wala usirudi nyuma. Nimeletewa hangani ndege iliyopigwa na mvua ya mawe. Kingo za mabawa zilikuwa na mabonde hata kiganja kinayahisi. Waliomo walipona. Sitaki nikague mabawa yako hivyo.

Nitumie CV, ukurasa mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza, nimpelekee rubani mkuu ambaye King Air yake ninaitengeneza. Makuta tuliyokuwekea yatakulipia nyumba hapo karibu na Lanseria hadi mwisho wa mwaka. Mama yako ameshakubali.

Baba yako