Breka haikukata, mkeka ukaungua

Ramadhani iliyopita nilikwenda Wete, Pemba, kwa shangazi yangu. Alasiri nimekaa jikoni namkunia nazi, nikasikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Haikuwa kali, inakuja na kupotea. Nikaifuata mpaka ukumbini, nikainua mkeka wa miyaa uliotandikwa juu ya waya wa ekstensheni. Chini yake palikuwa na kiungo kilichofungwa tepu nyeusi. Tepu imelainika, inanata kidoleni kama lami, na mgongo wa mkeka umeshapata doa la kahawia. Nikakimbilia swichi.

"Mbona breka haijakata hata siku moja?" aliniuliza shangazi. "Si ndiyo kazi yake hiyo, mwanangu?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu nyumba nyingi zinalitegemea jibu lisilo sahihi. Breka, ile swichi ya usalama inayojikata yenyewe, na fyuzi hutazama jambo moja tu: mkondo umezidi au haujazidi. Kiungo kibovu hakizidishi mkondo. Kinauzuia, kwa hiyo mkondo unapungua, na breka inakaa kimya huku mkeka unaungua. Kukigundua, pima volteji na mkondo, halafu piga hesabu.

Hesabu zenyewe ni mbili, na moja tuliikariri sote skuli. Ukinzani, yaani kiasi kitu kinavyouzuia mkondo, ni volteji kugawanya kwa mkondo. Hiyo ndiyo kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Nguvu ni volteji mara mkondo. Volti kwa ampea zinakupa omu ukigawanya, wati ukizidisha.

Nilimuomba shangazi dakika moja. Nikaondoa mkeka, nikaunyoosha waya juu ya saruji tupu, nikawasha birika lake la umeme nikiwa nimesimama pale pale. Kwenye soketi ya ukutani mita ilisoma volti 226. Kwenye tundu la pili la ekstensheni, pembeni ya plagi ya birika, ikasoma 210. Mkondo ulikuwa ampea 7.9. Nikazima.

Kwanza birika: 210 kugawanya kwa 7.9 ni omu 26.6. Kibandiko chake kimeandikwa wati 2,000 kwa volti 230, na birika la namna hiyo linatakiwa liwe na omu kama 26.5. Birika ni zima. Nasema hivyo kwa uchungu, maana shangazi alikuwa ameshatupa moja na kununua hili jipya, akidhani la zamani limechoka.

Sasa ekstensheni. Volti 16 zimepotea njiani. Kumi na sita kugawanya kwa 7.9 ni omu 2, na 16 mara 7.9 ni wati 126. Waya wenyewe ni wa mita 10, shaba ya milimita moja ya mraba. Hapa watu wengi hukosea: umeme unakwenda na unarudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Shaba ya unene huo ina omu 0.017 hivi kwa kila mita, jumla kama 0.35. Omu 1.6 na ushei zilizobaki zimekaa kwenye kile kiungo. Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani huo, unapata wati 100 na zaidi, zote ndani ya kifundo kisichozidi ncha ya kidole. Shika taa ya zamani ya wati 100 iliyowaka dakika tano, utaelewa. Na kila wati Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaihesabu, iwe imechemsha maji au imeunguza mkeka.

Fundi mmoja alikuwa ameshaupima waya ule akasema hauna tatizo. Alipima birika likiwa limezimwa. Bila mkondo hakuna volti inayopotea, kiungo kibovu na kizuri vinasoma sawasawa. Pima kitu kikiwa kinafanya kazi.

Mkondo nao una mtego wake. Mita ya kubana, ile inayosoma mkondo kwa kuukumbatia waya, ukiibana kwenye waya wote mzima itasoma sifuri, kwa kuwa umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Lazima ubane waya mmoja tu. Mimi natembea na kipande cha nusu mita, plagi upande huu na soketi upande ule, nyaya zake nimezitenganisha, kila mmoja una ganda lake zima. Usichane waya wa nyumbani kwa ajili ya kupima, na kama hujazoea umeme wa ukutani, mwite fundi usimame naye usome namba.

Hesabu hizi zinafaa kwa vitu vya joto: birika, pasi, jiko la koili. Friza ya kugandishia malai ina mota, na kwa mota, volti mara ampea hukupa namba iliyozidi wati zake za kweli. Hiyo soma kibandiko.

Tulipokikata kile kiungo na kukifungua, shaba ndani ilikuwa nyeusi yenye ukijani. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono tu, na hewa ya chumvi ya Wete ikafanya iliyobaki. Nikanunua waya mpya wa milimita 1.5, mzima bila kiungo, na safari hii tukaupitisha kando ya ukuta, mbali na mkeka. Tukapima tena: ukutani 226, kwenye birika 223, ampea 8.4. Zinapotea volti 3, sawa na wati 25 zilizotawanyika mita kumi zote. Tazama mkondo: umepanda kutoka 7.9 hadi 8.4, na hatari imeshuka.

Shangazi aliinama, akaupapasa waya kutoka ukutani mpaka jikoni, birika likichemka.

"Wa baridi," akasema, akarudi kwenye nazi yake.