Kesi yangu ni ya Teams, mume wangu anaweza kukaa kando yangu?

SWALI: Habari za kazi. Nilikuwa nimepanga nyumba Nairobi, mwaka jana nikarudi Likoni na landilodi akakataa kunirudishia dipozi yangu ya 45,000. Nikafungua kesi mahakama ya madai madogo Milimani na sasa nimepewa tarehe, itasikilizwa kwa Teams, ile app ya mikutano ya video. Mimi hata korti ya kawaida sijawahi kuingia sembuse ya kwa simu. Simu yangu skrini imepasuka kwa hivyo nitaazima ya kijana wangu. Shahidi ni mume wangu, alikuwepo tukikabidhi funguo, nataka akae kando yangu anikumbushe tarehe maana mimi nasahau sana. Na je, ni lazima nivae rasmi ilhali niko kwangu?
Mama wa wawili, Likoni

JIBU: Pole kwa hiyo dipozi mama, na hongera kwa kutonyamaza. Nianze na mzee wako maana hapo ndipo utajiharibia. Shahidi hakai akikusikiliza ukitoa ushahidi, kule Milimani angeambiwa atoke asubiri nje kwa benchi mpaka aitwe, na kwa Teams ni vile vile, akae chumba kingine na mlango ufungwe. Mambo ya kunong'onezwa ndiyo usijaribu kabisa, mwamuzi anaona macho yako yakikimbilia kando, atakuuliza uko na nani hapo na anaweza hata kukwambia uzungushe simu aone chumba. Ukishikwa hivyo, hata uwe unasema ukweli mtupu, nani atakuamini tena? Tarehe ziandike kwa karatasi na umwambie mwamuzi wazi kwamba unayo.

Simu ya kijana iazime jana yake, si asubuhi yenyewe. Februari 2021 kuna wakili huko Texas alitumia kompyuta ya sekretari wake, akatokea mbele ya jaji na sura ya paka, filta imewashwa na hajui kuizima, akabaki kujitetea kwamba yeye si paka. Dunia nzima ilicheka, na simu za vijana wetu unazijua zilivyo. Ingia Teams usiku huo ujaribu kamera na maiki.

Halafu jina. Watu wengi wanapotelea hapa. Ukiingia na simu ya mtu, pale chini inaandika jina la mwenyewe ama "Samsung A14", sasa karani akiita kesi yako atajuaje huyo Samsung ni nani? Unaweza kukaa pale masaa mawili ukisikiliza za wengine na bado ikaandikwa hukufika. Kwa hivyo jioni ya kuamkia kesi angalia orodha ya kesi za siku hiyo, linki huwa imewekwa hapo, uone wewe ni namba ngapi, kisha ukiingia ujiandike hivi, kwa mfano: Namba 14, jina lako, mdai.

Picha za nyumba na meseji za M-Pesa za kulipa dipozi hazionyeshwi kwa kamera siku hiyo, zinapakiwa mapema kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama, ule uliofika nchi nzima Machi 2024, na landilodi naye apate nakala. Kama hujafanya hivyo nenda saiba kesho, usingoje, maana kesi hizi sheria inataka ziishe ndani ya siku 60 na mwamuzi hapendi kuahirisha ahirisha.

Nguo vaa kamili, juu mpaka chini, buibui na mtandio ni sawa kabisa, kwa sababu wakati wa kuapa unaweza kuambiwa usimame. Msahafu ama Biblia iwe karibu. Simu usiishike mkononi, iegemeze kwa mkebe wa sukari uso wako uonekane, ichomeke kwa stima, bando iwe ya kutosha na umwombe kijana awaambie marafiki zake wasipige asubuhi hiyo. Maiki funga mpaka uitwe. Nilishawahi kuwa kwa kikao mzee mmoja akasahau, tukamsikia sote akimwambia mkewe "huyu hakimu naye anachelewesha watu", na hakimu akajibu pole pole, "namba ngapi wewe mzee?"

Ukiitwa sema "Niko hapa, Mheshimiwa", Kiswahili ni ruhusa, na landilodi akidanganya usimkatize, andika, zamu yako ya kumuuliza maswali inakuja. Usirekodi.

Laini ikikatika rudi mara moja kwa linki ile ile. Ikikataa, pigia rejista, ile ofisi ya mafaili ya mahakama, uwaambie, kwa hivyo namba yao iwe imeandikwa kwa ile karatasi yako ya tarehe, si ndani ya simu iliyozima.