Bei ya kiwandani si gharama ya mali

SWALI: Nauza sare za shule Ngamiani, Tanga. Mashati nashonesha Guangzhou, China, kwa kuwa ni rahisi. Nasikia kampuni za Marekani zinarudisha viwanda kwao, ilhali mishahara ya huko ni mikubwa. Zimeona nini? Na mimi nishoneshe hapa?

JIBU: Zimeona kwamba umbali nao unalipiwa. Mwaka 2021 nauli ya kontena la futi 40 kutoka Shanghai hadi Los Angeles ilipita dola 10,000. Ila kuna sababu isiyosemwa sana: mchoraji akiwa mbali na fundi, kosa halionekani. General Electric ilirudisha hita ya maji ya GeoSpring kutoka China hadi Louisville, Kentucky, mwaka 2012. Mafundi na wahandisi walipokaa meza moja, ikaonekana mabomba yake ya shaba yamesokotana kiasi cha kusumbua kuchomelea. Wakaichora upya, saa 10 za kuunda hita moja zikawa 2, na bei dukani ikashuka kutoka dola 1,599 hadi 1,299.

Sasa hesabu yako, kwa mfano. Shati ni Sh 7,000 kiwandani. Nauli, bima, kodi, bandari na wakala: Sh 4,000. Ile 7,000 ikilala miezi 3 kwa riba ya 2% kwa mwezi, ongeza Sh 420. Umefika 11,420. Mashati 60 katika 1,000 yakiwa mabovu, gawa kwa 0.94: takriban Sh 12,150. Fundi wa Tanga akikushonea kwa 12,000, tayari amekushinda, na hapo hatujahesabu kontena linalofika Februari wakati shule zimefungua Januari.

Usihame kwa pupa, tafadhali. Apple ilipounda kompyuta ya Mac Pro huko Texas ilikwamishwa na skrubu: karakana ya jirani haikuweza kutoa zaidi ya 1,000 kwa siku. Skrubu yako ni kitambaa, vifungo na uzi. Kama navyo vitatoka China, utakuwa umehamisha cherehani tu.

Anza Agosti na mashati 50. Yafue mara mbili, kisha pima kola na urefu wa mkono. Kitambaa kisicholoweshwa kabla ya kukatwa ndicho kinachoruka, yaani kupungua kikifuliwa. Kwa shule moja, nunua majora ya mkupuo mmoja, la sivyo rangi zitapishana. Oda kubwa ifuate Septemba.