Kabla ya sadaka, mizani

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mliobatizwa Pasaka hii, pamoja na wenzenu mliorudi kundini baada ya kukaa nje miaka mingi. Kila mmoja wenu amepewa mstari wa kukumbuka siku yake. Mimi nilipata kipaimara nikiwa mtu mzima wa miaka 34, nina mke, watoto watatu na biashara ya viazi, na mstari wangu ulikuwa 2 Timotheo 2:22: “Lakini zikimbie tamaa za ujanani, ukafuate haki, na imani, na upendo, na amani, pamoja na wale wamwitao Bwana kwa moyo safi.” Nilicheka kimoyomoyo. Ujana ulishanipita, nikaona mchungaji amenipa mstari wa mtu mwingine.

Nimeishi nao zaidi ya miaka 25 sasa, na nilichojifunza ni hiki: kila nilipoishika haki nikauacha upendo, au nikaushika upendo nikaiacha haki, kuna mtu aliumia. Watu hao nawajua kwa sura, na baadhi yao nakutana nao mpaka leo barabarani.

Nianze na viazi.

Waliokulia huku Njombe wanaijua lumbesa. Wageni niwaeleze. Mnunuzi anakwenda vijiji vya juu, kule kuelekea Makete, ananunua viazi kwa gunia. Bei ni ya gunia la kilo 100. Lakini gunia likishajaa, linaongezewa wavu juu, linashindiliwa na kushonwa kwa kamba mpaka linaota kilemba. Hapo lina kilo 130, 140, wakati mwingine zaidi. Mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaikataza na sheria ipo, lakini barabara ya kijijini wakati wa masika ina sheria zake, na mkulima ambaye viazi vyake vitaoza wiki ijayo hana ubavu wa kubishana nawe.

Nilifanya hivyo miaka tisa. Na katika miaka hiyo hiyo nilikuwa mtoaji mzuri kanisani. Bahasha yangu ya ahadi haikuchelewa. Siku ya mavuno, mazao yakinadiwa nje baada ya ibada, nilikuwa napandisha dau la kuku mmoja mpaka watu wanapiga vigelegele. Niliitwa mtu mwenye upendo. Mjane mmoja wa jumuiya yetu, ambaye nilimnunulia sukari na sabuni kila Krismasi, ndiye pia niliyekuwa nikimjazia kilemba kila msimu. Ukipiga hesabu, sukari ile aliinunua mwenyewe, na chenji ikabaki kwangu.

Baada ya kipaimara nilitaka kutoa shukrani kubwa, mabati ya paa la nyumba ya mwinjilisti. Nikaenda kwa mchungaji kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Viazi vyako unanunua kwa mizani?”

Hakuongeza neno. Nilitoka pale na hasira zangu.

Kiswahili kimetutendea wema hapa, ila hatushtuki. Abrahamu alimwamini Bwana, akahesabiwa jambo hilo kuwa haki. Hiyo ni Mwanzo 15:6. Nayo mizani ya sokoni, ukisoma Walawi 19:36, ni mizani ya haki. Neno ni lile lile. Sisi Walutheri hatuchoki kusema kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani, bure, na mimi nitakufa nikiamini hivyo. Lakini nilikuwa nimeifanya imani hiyo turubai ya kufunikia magunia. Mungu ananihesabia haki bure, basi na kilo 40 za mama wa watu nazo ziwe bure.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, ndiye aliyenishinda. Yesu alikwishaingia nyumbani kwake, wokovu ulikwishafika mlangoni, ndipo Zakayo akasimama na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Hakununua wokovu. Ila angalia kwamba alitofautisha mifuko miwili: maskini anapewa, aliyeibiwa anarudishiwa. Mimi nilikuwa naita vyote “kutoa”.

Basi nikachukua daftari. Niliwakumbuka wakulima 14 ambao nilinunua kwao kwa miaka kadhaa mfululizo. Mara nne sikuweza, niseme ukweli. Nilirudisha uzito niliokadiria, na nilirudisha viazi, si fedha, kwa sababu bei ilikuwa imebadilika mno na kila mtu angekuwa na hesabu yake. Ilinichukua misimu miwili. Wawili walikuwa wamekufa, nikawapa watoto wao. Mmoja alinifukuza na fimbo, akisema nimekuja kumroga. Mmoja alipokea, akahesabu, akaniambia zimepungua, na ilikuwa kweli zimepungua. Yule mjane alipokea bila kunitazama, kisha akanipikia chai. Sijawahi kunywa chai ngumu kama ile.

Ukienda kurudisha, usiende na shuhuda. Usiende na simu ya kupiga picha. Nenda na kitu chenyewe, sema ulichofanya kwa jina lake (nilikuibia, si “kulitokea upungufu”), kisha nyamaza. Na usidai msamaha papo hapo kana kwamba ni risiti.

Tangu hapo nanunua kwa mizani. Mtategemea niseme Bwana alinibariki maradufu. Msimu wa kwanza nilikula hasara. Wenzangu walitaja bei ya gunia, mimi nikataja bei ya kilo, na masikioni mwa mkulima bei ya gunia ilikuwa kubwa zaidi. Lori langu moja lilirudi nusu. Mke wangu alivumilia, lakini hakuimba. Biashara ilikuja kusimama baadaye, ndogo kuliko ya zamani, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Akija mhubiri akakwambia ukitenda haki utatajirika, mheshimu, msalimie, ila usimwazime hela.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na kusambaa Uganda, Kagera na Kenya, ulijulikana kwa jambo hili hili. Watu walitubu kwa kurudisha. Walibeba vitu walivyoiba, wakavipeleka kwa wenyewe mchana kweupe. Wazee wa ushirika ule walisema wanatembea nuruni, na nuru hiyo ilimfikia mpaka jirani aliyeibiwa jembe.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu una aibu zaidi.

Mtu akishatoka kwenye dhambi fulani kwa jasho, jicho lake linakuwa kali kwa wenye dhambi hiyo. Miaka michache baadaye nilikuwa mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya ujenzi katika usharika ambao sitautaja. Nilipitia vitabu, nikakuta pengo la shilingi 340,000. Mweka hazina alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nilisubiri mkutano mkuu wa usharika, watu wamejaa mpaka madirishani, nikasimama na daftari. Nikasoma tarehe, nikasoma risiti, nikasoma jumla. Kila tarakimu niliyoisoma ilikuwa sahihi. Nilijisikia kama nabii Amosi akikemea dhuluma.

Yule ndugu alikuwa amechukua zile fedha kumpeleka mtoto hospitali usiku, akikusudia kuzirudisha baada ya mavuno. Alikosea, hilo halina mjadala. Alizirudisha zote ndani ya miezi miwili. Lakini yeye, mke wake na watoto hawakukanyaga tena pale. Binti yao mkubwa alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana. Jumapili iliyofuata nafasi yake ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimeketi mbele, nikiitazama.

Mathayo 18:15 naijua kwa kichwa: ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Nilikuwa na wiki tatu kati ya kuliona pengo na mkutano. Sikwenda kwa sababu, nikijichunguza vizuri, nilitaka watu wanione nikiwa msafi.

Paulo anasema kwenye 1 Wakorintho 13 kwamba upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Siku ile nilifurahi, lakini si pamoja na kweli. Nilifurahi pamoja na mimi. Tena kuna jambo mwalimu mmoja wa Biblia alinionyesha ambalo halijanitoka. Neno la Kigiriki analotumia Paulo anapomwambia Timotheo “ukafuate haki” ndilo hilo hilo analotumia kwenye Wafilipi 3:6 akikiri kwamba zamani aliliudhi kanisa. Ni neno la kukimbiza, kama mwindaji. Mbio za Paulo hazikubadilika, kilichobadilika ni anachokikimbiza. Mimi niliwinda haki, nikamshika mtu.

Msije mkasikia hapa kwamba upendo ni kunyamaza. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu, na mwezi Februari mwaka huo huo Luwum akauawa. Mwenzake Festo Kivengere alikimbia nchi, na huko uhamishoni akatangaza wazi kwamba amemsamehe Amin. Dhuluma aliendelea kuiita dhuluma. Wale walikuwa na kila sababu ya kushika moja na kuacha jingine, na hawakufanya hivyo.

Ya kwenu kwa sasa hayatafika huko. Yatakuwa madogo, ndiyo maana yanaponyoka. Kibarua aliyelima kwako leo alipwe leo. Walawi 19:13 inasema ujira wake usilale kwako hata asubuhi. Dada wa kazi anayewaamshia watoto wenu alfajiri, mshahara wake usiwe wa “nikipata”. Kwaya (hapa nitachukiwa) mlipeni fundi aliyewashonea sare kabla hamjazivaa kuimba “Bwana ni mwema”. Nimewahi kumwona fundi amekaa kiti cha nyuma, anatazama vitenge vyake vikicheza madhabahuni, na yeye anadai nusu.

Na mjihadhari na maombi. Nasema kweli. Kuna usengenyaji unaoanza na “tumwombee sana ndugu yetu fulani”, na ukimaliza kuomba, mtaa mzima una habari. Kama unajua jambo la mtu, mwende yeye. Ukishindwa kumwendea, basi mwombee chumbani kwako umefunga mlango.

Mwisho wa mstari wangu mimi niliuruka miaka mingi: “pamoja na wale wamwitao Bwana kwa moyo safi.” Haki na upendo ukivifuata peke yako, kimoja kitadondoka na hutasikia. Tafuta watu wawili. Wasiwe wanaokusifia. Wangu ni mzee mmoja wa jumuiya na mke wangu, na kabla sijamkosoa mtu yeyote siku hizi namweleza mmoja wao kwanza ninachotaka kusema. Mke wangu huuliza swali moja tu: “Umeshakwenda kwake?” Nusu ya hotuba zangu zimefia hapo jikoni.

Kwa yule mweka hazina nilikwenda baada ya miaka mitatu. Nilimwambia nilimkosea, kwamba nilipaswa kuja usiku ule ule nilipoona daftari. Alinisikiliza. Mke wake alileta ugali na maharage, tukala. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Wanasali usharika mwingine.

Mwaka jana, wakati wa mavuno, alikuja kwenye stoo yangu na viazi, magunia matano yaliyofungwa flati, bila kilemba. Tukaanza kupima. Alikuwa hanitazami mimi, anatazama mshale. Gunia la tatu aliniambia nilirudie. Tukalishusha, tukalipandisha tena, tukasoma pamoja. Nikamlipa, akahesabu noti zote mbele yangu, akaziweka mfukoni, akasema, “Haya, mzee,” akaondoka na baiskeli yake.