Lile Kabati Hukuligusa Wewe

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza ile meza uliyounda uipake vanishi ya satini ya kopo, ile yenye mng'aro uliofifia, au uipake ya kung'aa kisha uisugue kwa mkono mpaka ing'ae kwa utulivu. Kwanza niambie, msasa umefika namba ngapi? Nilikwambia tangu utotoni: mng'aro unatoka kwenye mbao, vanishi inauonyesha tu. Piga 120, kisha 180, kisha 220, ukifuata nyuzi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu ili vinyuzi vilivyolala visimame. Ikikauka, rudia 220 kwa mkono mwepesi. Halafu laza taa pembeni ya ubao. Kila mkwaruzo utajitokeza.

Ulipotaja kopo nilikumbuka kabati la shangazi yako. Nililipaka satini: nilianza na milango, droo ya chini nikaimaliza mwisho. Ilipokauka, milango iling'aa kama maji, droo imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikakugeukia wewe, nikasema umeigusa ikiwa mbichi. Ulikana, ukalia, nami sikukusikiliza. Ilipita miaka ndipo nikaelewa: kinachofifisha mng'aro wa satini ni unga laini wa silika, nao hutuama chini ya kopo. Sikukoroga. Milango ilipata vanishi ya juu, droo ikapata unga wote. Mama yako anasema yamepita. Kwangu bado. Kila nikienda kwa shangazi yako nachagua kiti kinacholipa kabati lile mgongo.

Kwa hiyo koroga, mwanangu, kijiti kifike chini kabisa, na ukoroge tena kila unapoanza mkono mpya wa vanishi. Usilitikise kopo, utaleta mapovu. Mikono ya chini iwe ya kung'aa, satini iwe ya mwisho tu. Ukiirudiarudia, silika inaweka ukungu juu ya nyuzi ulizohangaika kuzilainisha.

Kusugua nako kuna raha yake. Vanishi ya mafuta iache wiki 3 au 4 ikomae, kisha stilwuli, yaani sufi ya chuma, namba 0000 iliyo laini kabisa, na nta, mapito marefu kutoka ncha hadi ncha. Kiganja kinapata ulaini ambao kopo halijawahi kunipa. Lakini pembeni vanishi ni nyembamba, ukikaza mkono unafika kwenye mbao. Tena meza inayofutwa kila siku na kuegemewa viwiko itarudi kung'aa mabaka mabaka. Ingawa hata satini ya kopo hupatwa na hayo, sasa naona nimejipinga mwenyewe.

Niliandika jibu langu hapa, nikalikata. Linaniwasha mkononi hadi sasa. Lakini meza umeiunda wewe, na safari hii sitasema kabla hujasema.

Ukimaliza, fumba macho, pitisha kiganja juu yake, uniandikie umesikia nini.

Baba yako