Ya sita nayo ni tasa?

SWALI: Mwalimu, salaam. Nina kibanda cha kutuma pesa kwa simu hapa Arua. Mchana wateja wakipungua huwa nachezea kikokotoo. Nilichukua 2 nikaizidisha kwa yenyewe, jibu nalo nikalizidisha kwa lenyewe, nikaendelea hivyo: 2, 4, 16, 256, 65536, 4294967296. Kila moja nikaiongezea 1. Nikapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya sita, 4294967297, nimeigawa kwa kila namba tasa hadi 100, imekataa. Niseme nayo ni tasa?
Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu yangu, usiseme. Lakini hongera sana, maana mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa aliziona namba hizo hizo, akaamini kwamba zote ni tasa, ngapi ziwe ngapi. Alifariki 1665 bila kuthibitisha. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, Urusi, akaonyesha kwamba ya sita ni 641 × 6700417. Zidisha uone.

Kuishia 100 hakutoshi. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo ni lazima ufike huko. Kipeuo cha pili cha namba yako kinapita 65536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6542 za kujaribu. Euler aligundua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64. Basi unaanza na 193, halafu 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Tano tu! Hesabu hii naipenda kupita kiasi: mtu alifikiri kwanza, ndipo akagawa.

Nilipofundisha sekondari Mbale niliiandika ubaoni hivi, nikanyamaza mpaka mmoja wao aione mwenyewe:

641 = 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo ukigawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1 (imepungukiwa 1 tu kufika 641).
Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1.
Lakini 5⁴ ni 625, yaani 641 − 16, kwa hiyo ni sawa na −2⁴. Iweke: −2³² inabakiza 1.

Basi 2³² + 1, ambayo ndiyo namba yako, haibakizi kitu.

Ya saba ina tarakimu 20, kikokotoo chako hakitaionyesha yote. Nayo si tasa. Kigawo chake kidogo ni 274177. Mpaka leo hakuna aliyepata namba tasa katika mlolongo wako zaidi ya zile tano za mwanzo, wala aliyethibitisha kwamba hakuna nyingine.